Kiti cha Papa na Njia ya Baiskeli

Winson Green, Birmingham
11 Machi 2007

Kwako Arsène, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Sisi huku wazima. Baridi ndiyo inayotusumbua, lakini baridi haijamwua mtu mwenye sufuria jikoni. Mdogo wako Rosine anakusalimu. Baba yako mdogo Athanase naye anakusalimu kutoka kwake Sparkbrook. Amenunua suti nyingine, na sababu nitakueleza. Jirani wa mlango wa pili amehama, eti hawezi kulala akitazamana na ukuta wa gereza. Mimi nilimwambia, ukuta ule unanikinga upepo. Nani mwingine katika mji huu ana ukuta wa bure?

Picha uliyotuma nimeifikisha kanisani. Nilisimama wakati wa ushuhuda, nikasema: mwanangu yuko Ufaransa, anaongoza wazungu kwa baiskeli katika mashamba ya mizabibu, wanamfuata kama vifaranga vya bata. Mchungaji akasema Amina. Mama Djo akaomba picha aishike, akaitazama weee, akasema, "Na kofia hii ngumu ya nini?" Nikamjibu, "Ndiyo wanayovaa wakubwa." Akairudisha. Mimi niliyeishia darasa la nne kwa masista, leo nina mtoto anayevaa kofia ya wakubwa.

Ila nifafanulie polepole, kwa sababu nimeulizwa na nimejibu nisichokijua. Watu hao wanalipa ili wachoke? Na baiskeli zao hazibebi kitu, hata debe moja la mawese? Kule kwetu Uvira ukimwona mtu juu ya baiskeli, kinga yetu ile, bila mzigo, unajua ameibiwa njiani. Halafu unasema njia hiyo gari haliruhusiwi kupita. Mwanangu, kwetu barabara ikikosa magari ni kwamba wenzako wamejua jambo ambalo wewe hujalijua. Uwe unatazama nyuma. Na mizabibu hiyo iwe ya kutazamwa tu. Nuhu alikuwa mtu wa haki, na mizabibu ilimfanyia aibu.

Sasa sikia lililonishikisha kalamu. Djo, kijana wa Papa Norbert, anamtaka Rosine. Wazazi wake wamekuja kubisha hodi kwa heshima, tumewapa chai, wamesema watarudi na maneno ya mahari. Unajua desturi. Siku ile kuna mtu anakaa kiti cha baba wa binti. Yeye ndiye anayeulizwa, na kabla hajasema "nimesikia," hakuna aliyesikia kitu nyumbani humo. Papa yako amelala Kigoma kwenye udongo wa kambi. Kiti ni chako.

Athanase ananiambia, "Shemeji, mimi si nipo? Nakaa mara moja tu, mambo yanakwisha." Mara moja tu! Kiti cha baba hakikaliwi mara moja. Akikaa yeye leo, kesho watoto wako utakaowazaa watakwenda kuomba ruhusa kwa watoto wa Athanase, na nyumba ya papa yako itakuwa imefungwa na mimi mwenyewe nikishika ufunguo.

Nimewaambia akina Norbert, katikati ya Juni. Njoo. Nijibu kwa barua, maana hizi simu za kadi zinakatika pale tu mtu anapoanza kusema neno la maana.

Mimi mama yako, mwenye nguvu zake zote,
Mama Arsène


Cormatin
15 Aprili 2007

Mama,

Asante kwa barua. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye stesheni isiyo na treni. Mimi mzima, kula nakula. Msalimie Rosine, mwambie Djo nilimwona mara moja kwenye picha na nilimpenda kwa sababu hakujaribu kucheka. Msalimie na baba mdogo.

Njia unayouliza ni hii. Zamani ilikuwa reli. Treni iliacha kupita, wakang'oa vyuma, wakamwaga lami nyembamba, wakasema hapa ni baiskeli na miguu tu. Inapita katikati ya mizabibu kutoka kijiji hadi kijiji. Haina mwinuko wa kumtoa mtu roho, kwa sababu treni haikupenda milima. Wageni wanakwenda asubuhi, wanakula mchana, wanaonja divai ya kijiji, wanalala katika nyumba ya wageni. Mizigo yao inatangulia kwa gari kupitia barabara nyingine, ndiyo maana kinga zao ni tupu. Ndiyo, Mama, wanalipa ili wachoke. Lakini ni uchovu wanaouchagua, na jioni unakwisha. Mimi sinywi. Nuhu apumzike.

Umesema nitazame nyuma. Siku yangu ya kwanza nilitazama nyuma mpaka shingo ikauma. Kimya kile sikukizoea. Mabonde mazima na hakuna injini. Kila nilipoona watu wanatembea kwa makundi kando ya njia, nilishika breki, kumbe ni familia inamtembeza mbwa. Sasa nimezoea. Au karibu nimezoea.

Upande wa kusini kuna handaki refu ambalo njia inapita ndani ya mlima. Wanalifunga majira yote ya baridi ili popo wapate kulala, na limefunguliwa majuzi. Nilijua ungependa kusikia hilo.

Habari ya Juni nimeielewa. Juni ni wakati wetu wa wageni wengi. Nitaona.

Mtoto wako,
Arsène


Winson Green
20 Mei 2007

Arsène wangu,

Salamu za mama, za Rosine, za kanisa zima. Athanase alianguka kwenye barafu mwezi wa pili, sikukuambia. Amepona, anatembea kama chifu. Rosine amemaliza mafunzo ya kutunza wazee na menija wake ameniambia mbele ya watu kwamba hajaona msichana mpole namna ile. Nilimwambia, "Ungemwona kaka yake."

Ile ya popo nimeisimulia mpaka imechakaa. Tulikuwa tunasafisha ofisi za mjini, mimi na Halimo, yule Msomali aliyekulia Garissa. Akasikia yote, akaegemea fagio.

"Mama Arsène, kijana wako ako karibu miaka thelathini na bado ako kwa baiskeli? Wangu alipata gari akiwa kumi na tisa."

"Gari la nani?"

"La mjomba wake."

"Basi huyo ana mjomba, hana gari."

Tulicheka hata nikakaa kwenye ngazi, na nikakaa kupita kicheko chenyewe. Halimo alimalizia sehemu yangu ya sakafu. Ni mtu mzuri.

Lakini nauliza. Nchi inayofunga njia ili popo walale, itashindwaje kumpa kijana ruhusa akamwoze mdogo wake? Umeniandikia kurasa mbili za reli na mstari mmoja wa Juni, na mwisho wa mstari umeweka "nitaona." Hiyo "nitaona" naijua. Papa yako aliitumia kila nilipomwomba atengeneze paa.

Sawa. Nimewaomba akina Norbert wasogeze hadi mwisho wa Julai. Nimesema kampuni haiwezi kwenda bila wewe, kwamba ukiondoka wazungu watapotea kwenye mizabibu. Papa Norbert ni mtu mstaarabu, alikubali. Mama Djo alitazama dari. Rosine haulizi kitu, ila akisikia barua inaanguka mlangoni anafika kabla yangu.

Usinifanye niombe mara ya tatu. Mdomo wangu haujazoea.

Mama yako


Winson Green
17 Juni 2007

Arsène,

Sijapata barua. Kama imepotea, andika nyingine. Kama hukuandika, andika.

Athanase alikuja jana na suti yake kwenye mkono, akaitundika nyuma ya mlango wangu, "ili isikunjamane siku ile." Sikuiondoa. Sikuwa na nguvu ya ugomvi.

Mama


Cluny
24 Juni 2007

Mama,

Barua hii inakuja kwa mkono, si kwa posta. Anayekuletea anaitwa Mzee Gurmit, na mkewe Mama Jaswinder. Ni watu wa Birmingham, jirani zako kabisa. Mzee aliendesha basi maisha yake yote, hiyo Coventry Road anaijua kuliko kiganja chake. Alipostaafu watoto wake walimuuliza anataka zawadi gani. Akasema anataka kupita, mara moja kabla hajafa, kwenye barabara isiyo na gari hata moja. Wakamleta kwetu. Nimekwenda nao juma zima. Siku ya pili alisimama katikati ya njia, akafumba macho, akanyoosha mikono kama mtu anayebatizwa, na hakuna aliyempigia honi.

Nilipowaambia mama yangu anaishi Winson Green walinikumbatia. Wapokee. Wamebeba asali na sabuni kutoka kwangu.

Nisamehe kuchelewa kuandika. Nilianza mara nyingi. Julai nayo ni ngumu, Mama. Labda baba mdogo akae tu. Najua ulichosema kuhusu kiti. Lakini Rosine asingoje kwa ajili yangu.

Nimeandika haraka, wanafunga mizigo.

Arsène


Winson Green
15 Julai 2007

Kwako Arsène,

Salamu. Rosine mzima. Athanase mzima. Asali tumeila, sabuni nimeiweka kwenye nguo zangu za Jumapili. Sasa nyamaza unisikilize.

Wageni wako walikuja Jumapili baada ya ibada. Mzee ana kilemba cha rangi ya bahari, hapiti mlangoni bila kuinama. Mtaa mzima ulitoka. Mama Djo akapiga simu kabla chai haijachemka kuuliza yule ni nani, nikamwambia ni mmoja wa wateja wakubwa wa mwanangu. Sikudanganya, ukubwa wake unaonekana. Nikawapikia wali na sombe ya majani ya muhogo, bila samaki, kwa kuwa Mama Jaswinder hali nyama wala samaki. Alirudia mara mbili. Mimi sombe yangu hata Wahindi wanairudia.

Kiingereza changu unakijua, kwa hiyo Rosine alikuwa katikati. Mzee akakusifu, akakusifu, moyo wangu ukawa kama mkate kwenye maji. Nikamwambia Rosine, mwulize, Arsène akiwa mbele pale anawaongozaje watu wote wale? Mzee akashangaa. Akasema, "Mbele? Hapana. Arsène ni wa nyuma." Akapanga bilauri mezani mstari mmoja, akaonyesha ya mbele, akasema hiyo ni ya msichana wa Kifaransa. Akaonyesha ya mwisho kabisa. "Arsène."

Nikasema, huenda Rosine amekosea. Hakukosea. Mama Jaswinder akaongeza kwamba alichoka vibaya siku ya pili, wote wakapotea mbele, ukabaki wewe. Ukashuka, ukamsukuma mgongoni kwa kiganja kwenye kamwinuko, huku ukimwambia habari za ziwa letu. Akasema kwa siku zote zile hukumwonyesha hata mara moja kwamba unachelewa.

Hilo nikalimeza. Halafu mzee akasema neno jingine, na Rosine akaanza kukusanya bilauri badala ya kutafsiri.

"Tafsiri," nikamwambia.

"Mama, ni kitu kidogo tu."

"Kama ni kidogo kitapita mlangoni. Tafsiri."

Ndipo aliposema kwamba mzee alikualika uje upikiwe na mkewe hapa Birmingham, ukamjibu huwezi kuvuka bahari. Kwamba wanakupa karatasi ya miezi mitatu, ikiisha wanakupa nyingine ya mitatu, na karatasi hiyo ni ya kukaa na kufanya kazi, si ya kutoka. Mzee alidhani najua. Alipoona uso wangu akaanza kuomba radhi, na mimi nikaanza kumpakulia sombe asiyoihitaji.

Arsène. Tangu Machi nasogeza siku kama mtu anayesogeza viti kanisani. Nimewaambia watu umebanwa na kazi, umebanwa na wazungu, umebanwa na ukubwa. Na wewe unaniandikia popo. Kila uliposema "nitaona," kumbe ulichokuwa unakiona ni ukuta. Mgeni wa kilemba ajue shida ya mwanangu kabla yangu, niliyekuzaa Uvira mvua ikipiga bati mkunga hasikii ninavyolia?

Akina Norbert sijawaambia. Sijui nitawaambia nini. Nimesema tusubiri, sikusema mpaka lini. Rosine amelia chumbani akidhani sisikii.

Mimi ni mzima kabisa.

Mama


Cormatin
12 Agosti 2007

Mama mzazi,

Salamu kwako na kwa Rosine. Hapa joto, zabibu zimeanza kugeuka rangi.

Ni kweli yote. Niliomba hifadhi mara ya kwanza wakakataa. Nikaomba tena kwa njia nyingine, na huko ndiko niliko, miezi mitatu, miezi mitatu. Kila inapokaribia kwisha ninakwenda kupanga foleni mjini tangu alfajiri, halafu narudi nakuta wageni wananisubiri na kofia zao kichwani, wananiuliza kama leo hali ya hewa itakuwa nzuri. Sikuficha kwa ajili ya uongo. Mlipoondoka kambini kuja Uingereza, mimi nilikuwa mtu mzima tayari, jina langu halikuingia kwenye safari yenu. Uliondoka unalia. Ulipopata kunisikia kwenye simu kwamba nimefika Ufaransa, ulipiga vigelegele mpaka kadi ikaisha. Sikuweza kuja baadaye nikakuambia kwamba nimefika, ila sijaingia.

Na ni kweli mimi ni wa nyuma. Ndiyo kazi yenyewe. Kundi likiwa na mtu wa mbele tu, kuna mmoja atakaa kandoni peke yake na hakuna atakayejua. Mimi sitakiwi kumpita yeyote. Akisimama nasimama. Hakuna anayesema amechoka, Mama, hasa wenye majivuno. Wanasema wanatazama mandhari. Wanasema kamba ya kiatu imelegea. Nimejifunza kuwajua.

Sasa na mimi niulize. Mama Jaswinder amenitumia picha za siku ile na kadi. Amesema chakula kilikuwa kizuri, na kwamba uliwaaga kwa furaha kutoka kwenye kochi lako. Nimeisoma kadi hiyo mara nyingi. Kutoka kwenye kochi. Wewe, Mama, ambaye kambini ulimsindikiza hata mgambo aliyekuja kutunyang'anya turubai, mpaka njia panda, ukamwambia karibu tena. Sijawahi kuona mgeni akitoka nyumbani kwako bila wewe kufika naye barabarani. Nimetazama picha zote. Katika zote umekaa, na kuna blanketi juu ya miguu, na ilikuwa Julai.

Nimemwandikia Rosine. Usimgombeze, nilimwambia aandike ukweli. Anasema miguu imevimba tangu Pasaka. Anasema ulianguka kazini na Halimo akakuficha kwa menija. Anasema daktari alikukataza kusimama kutwa, ukamwambia daktari mbele ya nesi kwamba mwanao ni mkubwa wa kampuni na unafanya kazi kwa kupenda tu.

Mama, baba mdogo akae. Mwambie akae. Kiti si kitu. Nakuomba tu upumzike.

Arsène


Winson Green
16 Septemba 2007

Kwako Arsène, mwana wa Uvira,

Sina salamu ndefu. Rosine, aliyenichongea, anakusalimu. Halimo anakusalimu, anasema sasa anaelewa kwa nini uko kwa baiskeli.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kuosha vyombo vilivyo safi. Kwa siku kadhaa nilikukasirikia. "Kiti si kitu," nani alikufundisha sentensi hiyo? Halafu hasira ikaisha yenyewe, haikupata chakula. Nikamwita Athanase. Nikamwambia, vaa ile suti, tunakwenda kwa Norbert.

Akafurahi. Akadhani nimekubali. Njiani kwenye basi akawa anajifunza kukohoa kama mkwe.

Walitupokea vizuri. Papa Norbert alikuwepo, Mama Djo alikuwepo, Djo akapewa ruhusa ya kusimama mlangoni. Chai ikaja. Athanase akasafisha koo, nami nikamgusa mkono. Nikasema mimi.

Nikasema: "Nimewachelewesha tangu Juni na sababu nilizowapa zilikuwa zangu, si za kweli. Mwanangu si mkubwa wa kampuni. Anakwenda nyuma ya wageni, anawasukuma waliochoka. Haji kwa sababu hana karatasi ya kuvuka bahari, na hatujui ataipata lini. Papa yao amekufa. Mwenye kiti ni yeye, na simpi mwingine nikiwa hai. Kama mmechoka kungoja, kijana wenu ni mzuri, mtampatia mwingine. Mimi nimemaliza."

Nikajua nimemwua Rosine. Chai ilipoa pale pale. Mama Djo alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza hakutazama dari.

Papa Norbert akaweka kikombe chini. Unajua yeye anavyoongea, kama mtu anayechagua mchele. Akasema, "Mama Arsène, kule kwetu Bukavu, nilipomtaka huyu mama, nilitembea siku nzima na wazee wangu mpaka kwa baba yake. Kulikuwa na mvua. Hatukumtumia mzee wa watu habari kwamba aje yeye tulipo."

Nikasema, "Ndiyo, Papa Norbert."

"Mwenye kutaka mke ndiye anayechakaza viatu. Kiti cha baba wa binti kiko wapi?"

"Kiko Ufaransa."

"Basi sisi tumebisha hodi nyumba isiyo ya mwenye kiti."

Arsène, tuliangaliana kama watu waliokaa kwenye ibada ya wengine. Miezi yote hii! Watu wazima, wenye mvi, tumeng'ang'ana wewe uje, na desturi tuliyokuwa tunaitetea inasema wenye kutembea ni wao. Ni hii Ulaya. Ukikaa mahali ukapata ufunguo na bili yenye jina lako, unadhani ndipo nyumba ilipo.

Mama Djo ndiye aliyesema, "Pasipoti tunazo." Akasema taratibu, halafu akaniuliza, "Na wewe, miguu hiyo itafika?" Nilidhani ananisimanga. Hakuwa ananisimanga. Alikwisha kuinuka kuniletea kigoda cha kuwekea miguu, na mimi nikaiweka, mbele ya wakwe, kama mtu asiyelelewa.

Athanase alinuna mpaka tukatoka nje. Nikamwambia, "Shemeji, tangu lini mwenye kiti akajisemea mwenyewe? Atahitaji mdomo. Nani hapa ana mdomo kukushinda wewe?" Akafikiri. Akauliza kama huko Ufaransa Oktoba kuna baridi, na kama suti moja inatosha.

Kwa hiyo sikiliza. Tunakuja Oktoba, wakati Rosine ana likizo. Tunapanda basi la kuvuka bahari hapa Digbeth. Papa Norbert, Mama Djo, Djo, Athanase, Rosine na mimi. Mzee Gurmit amekwisha kumwandikia Athanase njia yote, kituo kwa kituo, na anasema pale stesheni yako isiyo na treni kuna kiwanja kizuri cha watu kukaa. Papa Norbert anataka waje mpaka ulipo kwa hiyo njia yenu, kwa miguu au kwa baiskeli, atakavyoweza kila mmoja, kwa sababu anasema wakwe hawashushwi na gari mlangoni. Mama Djo ameanza kujifunza baiskeli kwenye uwanja wa kanisa. Usicheke. Mimi nilicheka kwa niaba yako.

Usiwape divai. Tafuta soda.

Kazi nimeiacha Ijumaa iliyopita. Menija alitaka nimweleze sababu, nikafungua mdomo kumwambia kuhusu kampuni ya mwanangu, na maneno hayakuja. Nikamwambia nimechoka. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa Kiingereza, na halikuniuma kama nilivyodhani. Sasa nakuambia na wewe kwa lugha yetu. Nimechoka, Arsène. Nimechoka tangu Uvira. Sitazami mandhari, na kiatu changu hakina kamba.

Mimi nitakuja na lile gari la mizigo. Waache wakwe wafike, waache wakukute umekaa, wala usisimame kunipokea. Siku hiyo si yangu. Kiti cha papa yako ni chako. Mimi nitafutie kingine, popote pembeni, ila kiwe na egemeo.

Mama yako,
Mama Arsène